Ukikosea meno ya sproketi, matope ya Garsen yatakufunza

Saa kumi na mbili asubuhi steji ya Garsen huwa imeshachangamka. Mabasi ya kutoka Malindi bado hayajafika, lakini vijana wa boda washapanga foleni, mmoja anafuta tanki kwa kitambaa, mwingine anapiga mswaki, mwingine anabishana kuhusu mechi ya jana. Ukikaa nao nusu saa utasikia mada mbili tu zikirudiwa: doo na mwendo. Pikipiki ya nani inakimbia, ya nani imezeeka, nani alimwacha nani kwenye lami ya kuelekea Minjila.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Na mada ya mwendo ndiyo iliyonitia hasara.

Pikipiki yangu niliinunua kwa mkopo, kama wengi wetu. Ilikuja na sproketi ya mbele ya meno 14 na ya nyuma ya meno 42. Sikujua hayo wakati huo. Ni nani huhesabu meno ya pikipiki mpya? Nilichojua ni kwamba wasee wenye pikipiki kama yangu walikuwa wakinipita kwenye lami kama nimesimama. Nikauliza siri ni nini, nikaambiwa, “Bro, hiyo yako ina gia ya punda. Badilisha sproketi.” Nikaenda kwa fundi mmoja katika mji ambao sitautaja, akanifungia 15 mbele na 38 nyuma. Hakuniuliza nabeba nini wala naenda wapi. Dakika arubaini hivi, kazi kwisha.

Siku ile nilirudi Garsen nikiwa nimejilaza juu ya tanki kama mwanamasumbwi aliyeshinda. Barabara kuu ni tambarare, sina abiria, upepo uko nyuma yangu. Pikipiki ilikuwa imetulia, injini hailalamiki, na nikawapita wawili. Kwa wiki tatu nilijiona mjanja.

Kisha ukafika msimu wa maembe.

Kwa msomaji wa Nairobi au Mombasa ambaye hajafika huku: Garsen iko karibu na Mto Tana, mto mrefu kuliko yote nchini, pale unapoanza kutanuka kuelekea baharini. Ukitoka kwenye lami ukashuka upande wa mto unaingia kwenye mashamba ya Wapokomo, migomba na miembe mikubwa, na ukienda kwingine unaingia kwenye malisho ya ng’ombe wa Waorma. Udongo wake ni mweusi na unanata. Wakati wa kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu. Mvua ikinyesha hugeuka kuwa kitu ambacho si ardhi wala si maji. Na mvua za huku si mchezo. Mafuriko ya mwisho wa 2023 yalikata barabara ya kwenda Lamu maeneo ya Gamba, na yale ya Aprili na Mei 2024 yakazidi kusumbua watu ambao hata hawakuwa wamemaliza kukausha godoro.

Basi Desemba ile nilipewa kazi ya kutoa maembe kwenye shamba moja upande wa Ngao hadi barabarani, ambapo lori lilikuwa linasubiri. Magunia mawili kwa kila safari. Safari ya kwanza, nilipofika tu sehemu yenye matope, pikipiki ikagoma. Gia ya kwanza, ninavuta mafuta, injini inalia, lakini gurudumu linajikokota. Nikaanza kucheza na klachi, kuishika nusu na kuiachia nusu, ili injini isizime. Baada ya mita mia mbili nikasikia harufu. Anayeijua harufu hiyo haisahau, ni kama mtu amechoma kiatu cha mpira na nywele pamoja. Klachi ilikuwa inaungua.

Nilisukuma. Wakati nasukuma, kijana mmoja wa Tarasaa akanipita na pikipiki kuukuu kuliko yangu, magunia mawili kama yangu, pole pole, tu-tu-tu-tu, hata hakushusha mguu chini. Lori halikunisubiri. Maembe niliyauza kando ya barabara kwa bei ya kutupa, na pesa ya rejesho la wiki mbili iliishia kwenye sahani mpya za klachi.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja wa gereji, fundi wa jua kali aliyeanza kwa kutengeneza baiskeli miaka hiyo kabla pikipiki hazijajaa. Aliifungua klachi, akaangalia sahani zilizokuwa nyeusi tititi, kisha badala ya kuniangalia mimi akainama akaanza kuhesabu meno ya nyuma kwa kidole.

“Thalathini na nane,” akasema. “Nani alikufanyia hivi, mwanangu?”

“Nilitaka mwendo, mzee.”

“Mwendo wa kwenda wapi?”

Sikuwa na jibu. Akachukua chaki akaandika kwenye mlango wa bati, na hesabu aliyonionyesha siku ile ndiyo ninayotaka kukupa, kwa sababu ni hesabu ya darasa la sita na bado wengi wetu tunaendesha bila kuijua.

Gawanya meno ya nyuma kwa meno ya mbele. Basi. 42 gawanya kwa 14 unapata 3. Maana yake, sproketi ya mbele ikizunguka mara tatu, gurudumu la nyuma linazunguka mara moja. Hapo injini inabadilisha mizunguko yake kuwa nguvu: inazunguka zaidi, gurudumu linazunguka kidogo, lakini kila mzunguko wa gurudumu una msukumo mara tatu ya ule uliotoka kwenye sproketi ya mbele. Sasa chukua 38 gawanya kwa 15. Unapata 2.53. Gurudumu langu lilikuwa linazunguka haraka zaidi kwa mizunguko ileile ya injini, ndiyo, lakini msukumo ulikuwa umepungua. Linganisha 2.53 na 3: kama mwanzo nilikuwa na vijana 100 wa kunisukuma kwenye matope, nilikuwa nimewafukuza 16 na kubaki na 84. Na niliwalipa fundi na duka la spea ili niwafukuze.

Upande wa mwendo hesabu ni hivi. Tairi la nyuma la pikipiki nyingi za boda, lile la rimu ya inchi 17, likizunguka mara moja linakupeleka kama mita 1.8. Tuseme sproketi ya mbele inazunguka mara 1,200 kwa dakika. Kwa 14 na 42, gurudumu linazunguka mara 400, hiyo ni mita 720 kwa dakika, yaani kilomita 43 kwa saa. Kwa 15 na 38 unapata kilomita 51. Kwa 14 na 45 unapata 40. Injini ni ileile, sauti ni ileile, mafuta umevuta kiasi kilekile. Kilichobadilika ni vyuma viwili vya mviringo.

Hapa vijana wengi huruka wakasema, “Si ndiyo, 51 ni tamu!” Ngoja kwanza. Hiyo 51 unaipata iwapo injini ina nguvu ya kuzungusha sproketi mara 1,200 ikiwa na mzigo ule mpya. Barabara tambarare, peke yako, hakuna upepo wa mbele, sawa. Ukipakia abiria na kreti ya soda, au ukutane na upepo wa kaskazi usoni, injini ndogo inashindwa kuvuta gia ya juu kabisa. Utajikuta unashuka hadi gia ya nne au ya tatu na kukaa hapo, na mwisho wa siku mwendo wako wa juu unaweza kuwa chini ya ule uliokuwa nao mwanzo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaacha kutumia gia ya juu nikiwa na abiria, sema tu sikuwa nimejiuliza kwa nini.

Jambo la mafuta nalo lina uongo mwingi steji. Wanasema sproketi ndogo ya nyuma inaokoa petroli kwa sababu injini inazunguka kidogo. Kwa anayepiga lami tupu bila mzigo, kuna ukweli ndani yake. Kwa anayebeba, unavuta mafuta hadi mwisho wa mkono ili kulazimisha kitu ambacho gia ingekufanyia bure. Na anayefunga sproketi kubwa mno kisha akashinda kwenye barabara ya Malindi naye anaungua, kwa sababu injini inapiga kelele siku nzima. Hakuna sproketi ya bure.

Kitu kingine ambacho mzee aliniambia na sikukiamini mpaka nikahesabu mwenyewe: jino moja la mbele ni kama matatu ya nyuma. Ukitoa jino moja mbele, kutoka 14 hadi 13, unapata 42 gawanya kwa 13, ambayo ni 3.23. Ukiacha 14 mbele na kuongeza matatu nyuma, 45 gawanya kwa 14, unapata 3.21. Karibu sawa kabisa. Ndiyo maana ukienda dukani usiseme tu “nipe saizi moja ndogo.” Ndogo wapi? Mbele au nyuma? Kupunguza mbele kunaongeza nguvu, kupunguza nyuma kunaondoa nguvu. Nimeona mtu akichanganya akafunga kinyume cha alichotaka, kisha akalaumu kabureta. Mkanganyiko huo nadhani unatoka kwenye baiskeli, ambako duara kubwa liko mbele kwenye pedali na dogo liko nyuma, kwa sababu pale miguu inazunguka polepole na tunataka gurudumu likimbie. Kwenye pikipiki ni kinyume, injini ndiyo yenye haraka na sisi tunaipunguza.

Ukitaka kuona kinyume hicho kwa macho, nenda kwenye kinu cha kusaga unga. Zile injini za dizeli za zamani za Lister, ambazo mlio wake unasikika kijiji cha pili, huzunguka mara 650 tu kwa dakika. Mashine yenyewe ya kusaga kwa nyundo inataka zaidi ya mara 2,500. Kwa hivyo puli ya injini ni kubwa kama sinia la pilau na ya mashine ni ndogo kama kibakuli, takriban mara nne. Ukiona unga unatoka mchirizi na mikanda inateleza, mara nyingi kuna mtu alifunga puli aliyoipata badala ya ile iliyohitajika. Sheria ni ileile ya chaki ya mzee, gawanya kubwa kwa ndogo.

Sasa, kabla hujakimbilia dukani, namba si meno peke yake. Cheni nyingi za boda huku ni 428. Namba ya kwanza inahesabu sehemu za nane za inchi: 4 ni nne ya nane, yaani nusu inchi, au milimita 12.7 kutoka pini moja hadi nyingine. Kuna cheni ya 420 ambayo ina umbali huohuo kati ya pini, ila ni nyembamba zaidi. Muuzaji asiye makini, au aliye makini kupita kiasi na pesa zako, anaweza kukupa sproketi ya 420 ukaifunga kwenye cheni ya 428 na ikaingia vizuri tu. Itacheza ubavuni, italika, na siku moja cheni itaruka. Soma maandishi yaliyopigwa kwenye chuma. Kama yamefutika, weka alama ya chaki kwenye jino moja na uhesabu mpaka urudi pale.

Cheni yenyewe pima kwa rula ya mtoto wa shule. Ivute ikaze, hesabu nafasi 20 kutoka pini hadi pini. Ikiwa mpya inatoa milimita 254. Ikifika kama 259, imekwisha, hata kama inang’aa kwa grisi. Na ukibadilisha cheni, badilisha sproketi zote mbili pamoja nayo. Najua ni ghali. Lakini cheni mpya kwenye meno yaliyochongoka kama ya papa huzeeka haraka ajabu, na utarudi dukani kabla hujamaliza kusimulia uliyoyapata. Hili la kuunganisha kipya na kichakavu ndilo kosa ninaloliona zaidi Garsen kuliko hata la kuchagua meno.

Kuna pia suala la nafasi. Ukiongeza jino, cheni inakaza, ukipunguza, inalegea. Kwa cheni hii, kila jino moja linataka gurudumu la nyuma lisogee kama milimita 3. Meno matatu ni karibu milimita 10. Angalia kwanza ekseli yako imebakiwa na nafasi kiasi gani kwenye ule mfereji wa kurekebishia, usije ukafika nyumbani na sproketi ya 45 na cheni isiyofika. Wengi huongeza pingili, na hapo kumbuka kwamba cheni hukatwa kwa pingili mbilimbili, pana na nyembamba hupokezana. Mbele nako usishuke chini ya 13 hovyo. Duara likiwa dogo sana cheni inapinda kwa nguvu, inatetema, na kwenye pikipiki nyingi itaanza kusugua ule mpira wa juu ya mkono unaoshika gurudumu la nyuma.

Halafu kava ya cheni. Nitasema wazi hapa, hata kama wenzangu watanuna. Mtu akifunga sproketi kubwa nyuma na ikagusa kava, suluhisho la haraka la steji ni kung’oa kava. Sisi abiria wetu ni kina mama wenye dera, leso, buibui. Wengine ni wajawazito tunaowakimbiza hospitali ya Ngao usiku, amekaa nyuma ameshika mgongo wako na hana habari ncha ya leso inaning’inia wapi. Sproketi ya meno 45 isiyo na kava kando ya leso ni msumeno. Kama kava haitoshi, inyooshwe, ipandishwe kwa washa mbili, ikatwe na kuchomelewa upya. Fundi wa kuchomelea hakosekani. Isipowezekana, basi 13 mbele ni bora kwako kuliko 45 nyuma, kwa sababu nguvu utapata ileile na nyuma hujagusa kitu.

Mwishowe mzee aliniuliza yale maswali ambayo yule fundi wa kwanza hakuniuliza. Unabeba nini? Njia gani? Siku ngapi kwa wiki uko kwenye lami na ngapi uko kwenye udongo? Nikamwambia ukweli: siku nne udongo, mbili lami, moja nalala. Akasema basi rudi 14 na 42, waliotengeneza pikipiki hawakuwa wajinga, walitafuta katikati. Msimu wa mvua, ukijua wiki nzima ni maembe na mpunga, funga 13 mbele. Ya mbele ni rahisi, kwenye pikipiki kama yangu ni kava, bolti mbili na bamba la kuzuia, kisha urekebishe cheni ilegee sentimita mbili hadi tatu inapobonyezwa katikati. Nusu saa kwa asiye na haraka.

“Na nikipata kazi ya Lamu, mzee? Lami siku nzima?”

“Ukipata, uje tuongee 15. Sasa hivi unaendesha kazi ambayo huna.”

Nimekuwa nikifanya hivyo tangu siku ile. Kwenye kisanduku changu cha spana kuna sproketi mbili za mbele, ya 13 na ya 14, zimefungwa kwa kitambaa chenye grisi. Kwenye lami ya Minjila wananipita, na wakinipita wanapiga honi, kwa sababu steji haina siri na kila mtu anajua habari ya maembe. Upande wa mto napita ninapotaka kupita. Klachi ile ya mwaka ule ndiyo ningali nayo.

Ile ya meno 38 imening’inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Juzi kijana mmoja mpya steji aliiona akataka kuinunua, akanipa bei nzuri tu, akasema pikipiki yake ni nzito. Nikamwuliza anapiga njia gani. Akasema mara nyingi ni Kipini, kubeba samaki.

Nikamwambia akae kwanza, nikatafuta chaki.